Kijerumani Kabla ya Safari: Mwongozo kwa Anayekwenda Ujerumani Kutoka Afrika Mashariki

Tangu Kenya na Ujerumani zilipotiliana saini makubaliano ya uhamaji na ajira mjini Berlin, Septemba 2024, kuna swali ninalolisikia kila mara kutoka kwa vijana wa pande zetu: "Lugha si nitajifunzia hukohuko?" Anauliza muuguzi wa Kisumu, anauliza kijana wa Arusha anayetafuta mafunzo ya ufundi, anauliza binti anayekwenda kulea watoto kama au pair, anauliza mke anayemfuata mumewe. Jibu langu ni hapana, tena nalisema bila kusitasita.

Sababu ya kwanza mnaijua: bila cheti cha lugha, maombi mengi ya viza hayafiki popote. Lakini hata kama viza isingekudai neno moja, bado ningekwambia usome hapa. Ukishafika, zamu inakumaliza nguvu na jioni unatamani kitanda, si sarufi. Wenzako kazini wakiona unahangaika watakuhurumia na kukugeuzia Kiingereza, na huruma hiyo itakuchelewesha mno. Isitoshe, hapa nyumbani unaweza kukosea bure. Ukitamka vibaya sebuleni kwenu, hakuna kinachoharibika. Ukisikia vibaya kipimo cha dawa wodini, kuna mgonjwa anayeumia.

Hatua ya kwanza: ijue ngazi yako na uipigie hesabu

Kijerumani hupimwa kwa ngazi za Ulaya, kuanzia A1 hadi C2. Au pair na mwenzi wa ndoa kwa kawaida hutakiwa A1. Mafunzo ya ufundi, yale Wajerumani wanayoyaita Ausbildung, kwa kawaida hudai B1, na waajiri wengi hupendelea zaidi ya hapo. Muuguzi anayetaka cheti chake kitambuliwe atahitaji B2 katika majimbo mengi. Wa chuo kikuu anayesoma kwa Kijerumani aelekeze macho kwenye C1. Kabla ya kulipa ada yoyote, soma orodha ya ubalozi wa Ujerumani wa nchi yako kwa aina yako ya viza, maana masharti hubadilika.

Sasa hesabu. Goethe-Institut, taasisi ya Ujerumani inayofundisha lugha na utamaduni wake, inakadiria kwamba mtu anayeanza sifuri anahitaji vipindi kati ya 80 na 200 vya dakika 45 ili awe tayari kwa mtihani wa A1. Kwa B1 ni 350 hadi 650, na kwa B2 ni 600 hadi 800. Tuseme unasoma vipindi vitatu kwa siku, siku tano kwa wiki. Hivyo ni vipindi 15 kwa wiki. Kwa B1, tuseme vipindi 450, vitakuchukua wiki 30, yaani miezi saba hivi bila kukatiza kwa msiba, malaria wala likizo. Kwa hiyo mtu anayekuahidi B1 kwa miezi miwili anakuuzia ndoto. Panga mwaka mmoja, na ukiwa na kazi ya kutwa panga zaidi.

Kozi zipo. Goethe-Institut ina vituo Nairobi na Dar es Salaam, na vituo hivyo pia husimamia mitihani. Kama uko mbali au ada imekushinda, Deutsche Welle inatoa bila malipo masomo ya video yaitwayo Nicos Weg, yanayokutoa mwanzo kabisa hadi B1. Wengi wanaweza kuvuka A1 kwa masomo hayo na mwenzao mmoja wa kuzungumza naye. Kuanzia B1 na kuendelea, tafuta mwalimu. Sarufi ya huko inataka mtu wa kukuonyesha ulipoteleza.

Hatua ya pili: andika siku yako ya kwanza

Watu huniambia, "Sina motisha." Nikiwauliza wanakwenda kufanya nini, wanajibu, "Kutafuta maisha." Neno hilo ni pana mno kukuamsha saa kumi na moja alfajiri. Chukua karatasi uandike kwa Kiswahili siku yako ya kwanza kazini kule, tangu kutoka nyumbani hadi kurudi: utamsalimia nani, utaulizwa nini, utasoma kibao gani, utamwambia nini mgonjwa wa kwanza au mtoto wa kwanza. Andika ukurasa mzima. Karatasi hiyo ndiyo mtaala wako. Kila wiki chukua sehemu yake moja na ujifunze kuisema kwa Kijerumani. Moyo hupata nguvu ukiona mistari ya siku hiyo inazidi kusemeka, na nguvu hiyo inadumu kuliko hotuba za kutia moyo.

Hatua ya tatu: wiki za mwanzo zote ni za sikio na ulimi

Habari njema ni kwamba Kijerumani husomwa karibu kama kinavyoandikwa, kama Kiswahili. Ukishazijua kanuni, unaweza kutamka neno hata kabla ya kujua maana yake. W husomwa kama v yetu. V mara nyingi husomwa kama f. Z ni "ts". S ikitangulia irabu husomwa kama z. J ni "y". Ei ni "ai", ie ni "i" ndefu, eu ni "oi", sch ni "sh". Na ng ya "singen" ni ng' ya ng'ombe, sauti inayowatesa wageni wengi lakini si sisi.

Ch iliyo katika "Buch" ni kh ya kheri. Ile ya "ich" ni laini zaidi, hewa inapita kati ya ulimi na kaakaa. Kwa ü, sema "i" huku midomo umeiviringa kama unasema "u". Kwa ö, sema "e" na midomo iwe ya "o". Simama mbele ya kioo ufanye hivyo kwa wiki nzima bila aibu.

Ugumu wetu mkubwa uko kwenye konsonanti zinazofuatana mwishoni mwa neno. Ulimi wa Kiswahili unataka kumalizia kwa irabu, hivyo daktari, "Arzt", anageuka "arzti", na msimu wa majani kupukutika, "Herbst", unageuka "herbusti". Mjerumani anaweza asikuelewe kabisa. Dawa yake ni kuanza mwisho kurudi mwanzo: sema "st", kisha "bst", kisha "erbst", kisha neno zima. Pia angalia urefu wa irabu. "Miete" ni kodi ya nyumba, "Mitte" ni katikati. "Staat" ni dola, yaani nchi na serikali yake, "Stadt" ni mji.

Jifunze pia kutaja jina lako herufi kwa herufi kwa majina ya herufi za Kijerumani. Katika mtihani wa A1 utaombwa kufanya hivyo, na kule kila karani atakuomba, kwa sababu Mwakyusa na Wanjiku ni majina mageni kwao.

Hatua ya nne: der, die, das ni ngeli, na ngeli unazijua

Hapa ndipo wengi hukata tamaa, na hapa ndipo mimi naona msemaji wa Kiswahili ana mtaji ambao hajaambiwa. Vitabu vingi vinavyouzwa kwetu vimeandikwa kwa Kiingereza, kwa msomaji ambaye lugha yake haina ngeli, na humweleza jambo hili kana kwamba ni maajabu. Kwako si maajabu. Wewe husema "kitabu changu kizuri kimepotea" na neno moja linazivuta shanga zote zifanane nalo. Unajua bila kufikiri kwamba mti ni "huu" na kiti ni "hiki". Kijerumani kina makundi matatu tu ya umoja: der, die na das. Ukilijua kundi la nomino, sifa na vimilikishi vinafuata, kama kwetu.

Kwa hiyo usijifunze "Tisch" peke yake. Jifunze "der Tisch, die Tische", meza na wingi wake, kwa pumzi moja, kama unavyojua kiti na viti. Kwenye kadi yako ya maneno upande mmoja andika Kiswahili, upande wa pili neno lenye kundi lake na wingi wake. Usipitie Kiingereza. Ukipitia Kiingereza utakuwa na safari mbili kichwani kila unapotaka kusema neno, na njiani ngeli itapotea.

Kundi la nomino mara nyingi hujulikana kwa mwisho wake. Maneno yanayoishia na -ung, -heit, -keit, -schaft na -tion ni ya die: die Wohnung, die Krankheit, die Station. Yanayoishia na -chen ni ya das, ndiyo maana msichana, "das Mädchen", yuko kwenye kundi hilo bila kujali kwamba ni mtu wa kike. Siku za wiki, miezi na majira ni za der. Kanuni hizi chache zitakuokoa mamia ya maneno. Yaliyobaki ni ya kukariri.

Hatua ya tano: namba na saa, mtego wa Waswahili

Ningekuwa na uwezo ningelazimisha kila msafiri afanye mazoezi ya namba mwezi mzima. Kijerumani hutaja mamoja kwanza, makumi baadaye: 47 ni "siebenundvierzig", saba na arobaini. Aliyesoma Kiarabu madrasani ameshauona mpangilio huu. Wengine tunaandika 74 mahali pa 47, na kwenye nyumba, basi au kipimo cha dawa kosa hilo ni kubwa. Zoezi lake ni rahisi: mwenzako akusomee namba za simu kwa Kijerumani, wewe uandike. Anza polepole, kisha aongeze kasi.

Saa ina hatari zaidi. Sisi huhesabu tangu jua kuchomoza: saa moja asubuhi kwetu ni "sieben Uhr" kwao. Hilo tumelizoea kwa Kiingereza. Lakini Mjerumani akisema "halb sieben" hamaanishi saba na nusu. Anamaanisha nusu ya kuelekea saba, yaani 6:30, kwetu saa kumi na mbili na nusu. Ukimwelewa kama Kiingereza utafika saa nzima baadaye, zamu imeshakabidhiwa. Kwenye ratiba za treni na kazini hutumia mfumo wa saa 24, kwa hiyo 14:30 ni "vierzehn Uhr dreißig". Badilisha lugha ya simu yako iwe Kijerumani leo, na kila unapotazama saa itaje kwa sauti kwa namna zote mbili.

Hatua ya sita: sentensi za kukuokoa

Kuna sentensi unazopaswa kuzitoa hata ukiamshwa usingizini. "Ich habe das nicht verstanden": sijaelewa. "Können Sie das bitte wiederholen?": tafadhali rudia. "Bitte sprechen Sie langsamer": tafadhali sema polepole. "Was bedeutet das?": hilo lina maana gani? Sisi tumelelewa kuitikia "ndiyo" kwa heshima hata tusipoelewa. Kazini kule ndiyo yako itachukuliwa kuwa ahadi. Kusema hujaelewa si utovu wa adabu kwao, ni uaminifu, na utaheshimiwa kwa hilo.

Kisha ongeza maneno ya kazi yako. Muuguzi asisubiri B2 ndipo ajifunze "Haben Sie Schmerzen?", una maumivu?, au "Wo tut es weh?", panauma wapi? Ajue Blutdruck, shinikizo la damu, na Übergabe, kukabidhiana zamu. Anayekwenda kulea watoto ajue kusema "Pass auf!", angalia!, na "Hast du Hunger?", una njaa?

Zingatia pia kwamba Mjerumani mara nyingi huacha sehemu ya kitenzi mwishoni mwa sentensi. "Ich rufe Sie morgen an" ni nitakupigia simu kesho, na kile kijineno "an" cha mwisho ndicho kinachoifanya iwe simu. Kiswahili hukupa nafsi, wakati na tendo kwenye neno moja, kisha unaweza kupunguza usikivu. Hapa sikiliza hadi nukta.

Hatua ya saba: ratiba ya kila siku

Saa moja kila siku ina faida kuliko saa saba za Jumamosi. Asubuhi pitia kadi zako. Programu ya Anki hukurudishia neno kabla hujalisahau, na kwenye simu za Android ni ya bure. Ndani ya daladala au matatu sikiliza, si muziki, ila kitu ulichopakua usiku. Deutsche Welle husoma habari zake kwa mwendo wa polepole, na maandishi yake yapo, unaweza kufuatisha ukifika nyumbani. Usiku sema. Jirekodi ukisimulia siku yako kwa sentensi tano, uhifadhi, na mwisho wa mwezi usikilize rekodi ya kwanza na ya mwisho.

Orodha rasmi ya Goethe-Institut kwa A1 ina maneno 650 hivi, na ya B1 ina kama 2,400. Maneno kumi kwa siku yanakumalizia orodha ya A1 kwa muda wa miezi miwili na kidogo.

Mtu wa kuzungumza naye? Wapo karibu kuliko unavyodhani. Zanzibar, Moshi na Arusha kuna waongoza watalii wanaoongea Kijerumani kwa kazi yao, na wengi wao walikijifunza hapahapa nyumbani. Dayosisi za KKKT, kanisa la Kilutheri la Tanzania, zina uhusiano wa miaka mingi na makanisa ya Ujerumani, na vijana wa kujitolea kutoka huko huja kukaa mwaka mzima wakitamani mtu wa kuwafundisha Kiswahili. Badilishaneni: nusu saa Kiswahili, nusu saa Kijerumani. Nakuomba jambo moja, usianze na Kiingereza, kwa sababu mkishakianza hamtakitoka.

Hatua ya nane: moyo ukipoa

Utapoa, na mara nyingi ni kati ya A2 na B1. Mwanzoni kila siku unapata neno jipya la kutamba nalo. Baadaye zinakuja hali za nomino: kulingana na kazi ya nomino katika sentensi, der inageuka den, kisha dem, na unajiona kama umerudi nyuma. Hujarudi. Umeanza kuona makosa ambayo zamani ulikuwa huyaoni.

Wakati huo usiongeze kitabu kingine. Punguza. Kwa wiki mbili acha sarufi mpya, urudie masomo ya A2 kwa sauti, na utashangaa yalivyokuwa mepesi. Kisha mshirikishe mtu wa nyumbani. Mama au shangazi asiyejua neno la Kijerumani anaweza kushika kadi zako, akakusomea upande wa Kiswahili na kukusubiri ujibu. Watu wa nyumbani huchangia nauli na ada za safari kama hizi. Wape nafasi ya kuchangia na hili. Mtu aliyekaa mbele yako akisubiri jibu hakuruhusu kulala.

Hatua ya tisa: mtihani

Mtihani una sehemu nne: kusoma, kusikiliza, kuandika na kuzungumza. Wa A1 una alama 100 na unahitaji 60. Utajaza fomu, utaandika ujumbe mfupi wa maneno 30 hivi, utajitambulisha, utauliza na kuomba kitu kwa kutumia kadi. Katika B1 kila sehemu inasimama peke yake na inadai asilimia 60, kwa hiyo ukianguka moja unaweza kurudia hiyo tu. Mitihani ya mfano ipo bure kwenye tovuti ya Goethe-Institut. Ifanye kwa saa ukutani, usiishie kuisoma. Wengi wetu huanguka kwenye kusikiliza, na A1 ina matangazo yanayosikika mara moja tu, kama ya stesheni.

Usinunue cheti. Mawakala watakwambia wana njia. Ukienda na karatasi ya kughushi unaweza kuulizwa maswali kwa Kijerumani palepale dirishani ubalozini, na utapoteza fedha, viza na jina lako kwa mpigo mmoja.

Hatua ya kumi: mwezi wa mwisho

Jifunze kutofautisha "Sie" na "du". Sie ni kwa mtu mzima usiyemjua, bosi na mgonjwa. Du ni kwa mtoto, rafiki na wenzako wakishakukaribisha. Aliyekuzwa na shikamoo atalielewa haraka. Subiri mkubwa ndiye akupe du.

Jiandae pia kwa lafudhi. Hamburg watakusalimia "Moin" hata jioni, na Bavaria watasema "Grüß Gott". Sikiliza redio ya mkoa unaokwenda kwenye intaneti, ili sikio lisishtuke.

Kuna mazungumzo matatu ya kuyaandaa neno kwa neno. La kwanza ni la uandikishaji wa makazi, Anmeldung, unaotakiwa kufanywa ndani ya wiki mbili baada ya kuhamia: "Ich möchte mich anmelden." La pili ni la dharura kwa namba 112: wewe ni nani, uko wapi, nini kimetokea, wangapi wameumia. La tatu ni la kwa msimamizi wako wa kazi, siku za mwanzo kabisa kabla ratiba haijafungwa: muulize ni jioni zipi utakuwa huru ili ujiandikishe kwenye kozi inayofuata. Vyuo vya watu wazima, Volkshochschule, viko karibu kila mji na ada yake kwa kawaida ni nafuu kuliko ya shule binafsi. Nenda na cheti chako. Watakupima na kukuweka kwenye darasa linalokufaa.